Nyimbo Nne Nilizozifukia Shambani

Ndugu zangu, mama mwenyekiti wa jumuiya amenipa nafasi hii kwa sharti moja: nisitaje jina la mtu. Nimekubali. Mwenye makosa katika habari hii ni mmoja tu, na jina lake mnalijua kwa sababu ndiye aliyesimama mbele yenu. Shikamooni wazee wangu. Wengine hamjambo. Na nyie vijana mlioegemea dirishani, ingieni mkae, mimi siumi mtu.

Najua wengi mmekuja kusikia ushuhuda wa pombe, maana mliniona miaka yote ile nikipiga gitaa baa. Hapana. Pombe nilikunywa, nikaichoka, nikaiacha. Mimi niliangushwa na wivu. Mlevi ananuka, mke anamkemea, padre anamwita pembeni. Mwenye wivu hanuki. Nilikaa kwenye mabenchi haya haya nikiwa nao tumboni, na mkanipa kazi ya kuongoza kwaya.

Mnakumbuka ruksa ilipoanza, biashara zikafunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi wa kahawa wakaja na magari yao, mitumba ikajaa sokoni, na kila duka la Mbinga mjini likawa na redio kaseti imewekwa mlangoni ikipiga kelele. Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne na tulipiga roki. Ndiyo, roki, hapa hapa Umatengoni. Wazee walisema tunagombana jukwaani. Mimi nilikuwa kiongozi wa bendi, mpiga ridhimu na mtunzi. Kila wimbo ulikuwa wangu, na nilikuwa na raha zangu.

Kisha akaja kijana kutoka Liuli. Alijifunza gitaa kwa kusikiliza redio za ng'ambo ya ziwa, akatoboa spika yake kwa msumari makusudi ili gitaa likorome. Nilicheka nilipoiona ile spika. Alipopiga, niliacha kucheka. Mwaka haujaisha akamwoa mdogo wangu, tukawa tunaitana mlamu, kama mashemeji wa huku kwetu wanavyoitana, na tukawa tunataniana kama walamu. Yeye utani wake ulikuwa utani. Wangu ulikuwa na meno.

Nawaambia jinsi nilivyokuwa. Akija nyumbani kwa mama yangu na usipa wake mkavu, wale dagaa wa ziwani, mama alimpakulia kwanza, na mimi nilihesabu matonge. Watu wakipiga makofi baada ya solo yake, nilisogea mbele nikainama, kama vile makofi ni yangu. Siku moja kabla ya dansi nililegeza uzi mmoja wa gitaa lake, kidogo tu. Alipanda jukwaani, akasikia umelegea, akaukaza huku anacheka na watu, na watu wakampenda zaidi. Nilikosa hamu ya kula siku mbili.

Lakini kilichoniumiza kuliko vyote ni wimbo mmoja. Mnajua akina mama wanapofukia ngoro, haya mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, wanaitikiana, mmoja huku juu ya mteremko, mwingine kule chini. Mama yangu alikuwa na mwito wake, mimi nimeusikia tangu nikiwa mgongoni. Huyu Mnyasa, mtu wa samaki, alikaa kwenye jiwe pembeni mwa shamba letu siku moja, akamsikiliza mama, na wiki iliyofuata akaja mazoezini na mwito ule ameufanya wimbo wa roki. Ndugu zangu, ulikuwa mzuri mpaka mpiga drams wetu alisahau kupiga. Nami nikajiuliza, mwito wa mama yangu mwenyewe, nimelala nao miaka yote hiyo, kwa nini sikuuona mimi? Mama alipousikia alifunika mdomo kwa kanga. Tangu hapo alikuwa akiuita "wimbo wangu".

Mzee mmoja mwenye duka mjini, mtu wa asili ya pwani, alitupenda. Akatudhamini twende Dar es Salaam kurekodi. Tulikaa studio siku tatu, tukarekodi nyimbo kumi na nne, nane zangu na sita za mlamu. Kaseti iliweza kubeba kumi, tano upande huu na tano upande wa pili. Mzee akasema kiongozi wa bendi ndiye achague. Kiongozi wa bendi ni nani?

Nilichagua zangu zote nane. Za mlamu nikachukua mbili, tena zile nilizoziona dhaifu. Nne zilizobaki, wimbo wa mama ukiwa mmojawapo, nilimwambia fundi mitambo aniwekee kwenye tepu yake peke yake, ile ya gurudumu, akanikabidhi. Kwa mlamu nilisema, "Mlamu, pole. Mzee na fundi wamesikiliza, wamesema zile nne hazifai. Wanasema umeishiwa."

Neno hilo, umeishiwa, nililitunga ndani ya basi kati ya Dar na Songea. Nililipanga kama ninavyopanga beti.

Hakubisha. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Hata ule wa mama?" Nikasema hata ule. Akatazama nje ya dirisha mpaka Songea.

Kaseti ikatoka. Na sikieni Mungu alivyonichekesha: katika nyimbo kumi, watu walizipenda mbili. Zile zile mbili za mlamu nilizozidharau. Ukipita stendi unazisikia, ukipita sokoni unazisikia. Nane zangu watu walikuwa wanazirukisha. Nikajiambia, kama hizi dhaifu zimekuwa hivi, zile nne zikitoka mimi nimekwisha.

Basi nikaamua ile tepu ife. Ilikuwa wakati wa kuandaa ngoro mpya za maharage. Mnaijua kazi yetu: mwanaume anafyeka majani, anayapanga mistari ya miraba mteremko mzima, kisha kazi yake imekwisha. Wanawake ndio wanachimba udongo katikati ya miraba na kuyafukia majani yaoze ndani ya matuta. Nilipanga majani yangu, na pale mistari miwili inapokutana nikaweka kopo la biskuti lenye tepu chini ya majani. Asubuhi yake mke wangu na mama wakaja na majembe yao wakafukia. Mama alikuwa anaitikia ule mwito wake, anautupia udongo wimbo wake mwenyewe, na mimi nimesimama juu ya shamba natazama.

Mtauliza, kwa nini sikuichoma moto? Hata mke wangu aliniuliza hivyo baadaye. Na zaidi ya hapo, ile tepu niliizungushia nailoni mara tatu na mdomo wa kopo nikauziba kwa nta ya mshumaa. Nilitaka zife, na nilitaka zisilowe. Sina maelezo mengine. Nilikuwa nazionea wivu kwa sababu nilizipenda.

Mlamu aliacha gitaa. Akateremka na mdogo wangu kurudi Liuli, akaingia kwenye mitumbwi na nyavu za baba yake. Mdogo wangu alikuwa akipanda huku kusalimia anasema, "Kaka, mume wangu hapigi hata mluzi. Ana nini?" Namjibu kwamba watu wa ziwani wana hali zao. Na mama, kila nikipita kwake, ananiuliza, "Wimbo wangu bado haujafika?" Namwambia bado, mama. Nimemwambia hivyo masika kwa masika.

Mngedhani sasa nina raha, mshindani ameondoka. Bendi ilikauka. Nilipanda jukwaani nikawa nasikiliza upande wangu wa kulia pale alipokuwa anasimama. Kila wimbo niliotunga niliupima na zile nne zilizoko shambani, ukashindwa. Nilikuwa namwonea wivu mvuvi aliyeko Liuli ambaye hana hata gitaa.

Maharage yakavunwa, mahindi yakavunwa, mzunguko ukaisha, na wakati wa ngoro mpya ukafika tena. Wazee hapa mmeshaanza kutabasamu, mnajua kinachokuja. Ngoro mpya hazichimbwi pale pale. Palipokuwa na mashimo unapitisha mistari ya majani, na pale matuta ya zamani yalipokutana ndipo shimo jipya linapochimbwa. Kila mtoto wa Kimatengo anajua. Mimi najua. Lakini siku ile jirani alikuwa amewasha redio kwenye uanikio wake wa kahawa, na redio ilikuwa inapiga wimbo wa mlamu. Nikapanga majani kwa hasira, mkono unafuata desturi, kichwa hakipo. Kwa mikono yangu nikawapangia wanawake mahali pa kuchimba.

Kesho yake nilikuwa nakoboa kahawa nikasikia jembe limegonga bati. Mke wangu akaniita, na hakuniita baba fulani kama kawaida. Aliniita kwa jina langu la ubatizo.

Alikuwa amekwishafungua. Ameshika tepu, na kwenye karatasi yake fundi alikuwa ameandika majina ya nyimbo nne na jina la mlamu. Mama alikuwa amesimama pembeni na jembe lake. Hajui kusoma, akamuuliza mke wangu, "Ni nini hicho?" Mke wangu akanitazama mimi. Akasema, "Mwambie mama."

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipogeukia. Ningeweza kudanganya tena, na nawaambia ukweli, uongo ulikuwa umeshafika mdomoni. Lakini nilimwona mama ana udongo mpaka kwenye viwiko. Nikasema, "Mama, ni wimbo wako. Mimi ndiye niliyeuweka hapo."

Mama hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Kumbe nimeufukia mwenyewe." Kisha akasema, "Mwenye wimbo ni mkwe wangu. Nenda kamwite."

Niliteremka kwa lori mpaka Mbamba Bay, nikaenda mpaka Liuli. Nilimkuta mlamu anashona wavu mchangani, mdogo wangu anaanua usipa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, maana sikukaribishwa kiti. Nilipofika kwenye lile neno, umeishiwa, mdogo wangu aliweka ungo chini akaingia ndani. Mlamu aliendelea kushona. Baadaye akasema, "Mlamu, mimi nililiamini. Nilikuwa nikisikia wimbo unakuja kichwani, naufukuza. Nasema, watu wa studio wameshaniambia."

Nikapiga magoti kwenye mchanga. Akaniambia, "Simama, unakanyaga wavu." Hakusema amenisamehe. Lakini asubuhi alivaa viatu tukapanda wote.

Kwenye parokia moja palikuwa na mashine ya zamani ya tepu za gurudumu, imeachwa na mapadre wazungu. Padre akaifuta vumbi, tukakaa: mama, mke wangu, mimi na mlamu. Nyimbo tatu za mwanzo zilitoka zina mikwaruzo lakini zilitoka. Mlamu ameinamisha kichwa, vidole vinacheza kwenye goti. Kisha ukaja wimbo wa mama. Mama akafunika mdomo kwa kanga kama siku ile.

Wimbo ukaisha na mashine ikaendelea kuzunguka, kwa sababu fundi wa Dar alichelewa kuzima. Tukasikia sauti ya mlamu, ya kule studio, anazungumza na fundi. Anasema, "Huu nimeimba kuonyesha tu. Mlamu wangu yuko nje, akirudi aingie aimbe yeye. Ni mwito wa mama yake, na sauti yake inaufaa kuliko yangu."

Siku ile mimi nilikuwa nje ya studio, kweli. Nilitoka kwa sababu sikuweza kumsikiliza akiimba vizuri.

Mama akaomba urudiwe. Padre akarudisha tepu nyuma, na hapo ikakatika, na ilipounganishwa ikakatika tena na tena, unyevu ulikuwa umeshaila. Tangu siku ile haijalia. Nyimbo tatu mlamu anasema hazikumbuki zote, na mimi sina ujasiri wa kumwomba ajaribu. Hilo deni halina malipo, na nimeacha kujidai kwamba nitalilipa.

Nawashukuru wenye haki ya kushukuriwa. Mke wangu, ambaye hakusema kwa niaba yangu. Mdogo wangu, aliyekaa mwaka mzima hajaniita kaka, kisha siku moja akaniita. Mama, apumzike kwa amani, aliyeusikia wimbo wake kwenye ile tepu mara moja tu. Na mlamu, ambaye yupo pale benchi la nyuma, Mwanglikana katikati ya Wakatoliki, na amekuja na gitaa lake.

La kuwaachia ni dogo. Sijapona kabisa. Jumapili iliyopita kijana wa kwaya aliimba sauti ya juu vizuri, na mimi nikatafuta kosa. Ila siku hizi nikijikamata namwendea mtu namwambia, umeimba vizuri. Jaribuni kulisema neno hilo mapema, mkiwa bado mnaweza kumwangalia mtu usoni.

Ule wimbo wa mama haupo tena popote isipokuwa kwenye vichwa viwili. Miaka hii yote nimemwomba mlamu auimbe na amekataa. Anasema alishasema tangu studio nani auimbe, tatizo mtu mwenyewe alikuwa nje.

Mlamu, njoo mbele. Nimeingia.