Masikio ya Katibu Yameziba

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja. Limeegemezwa ukuta wa banda la Fundi Pindo, mshona nguo, kiasi kwamba mpita njia hudhani wanaokaa pale ni wateja. Wateja wapi! Ni walewale watatu wa kila siku. Yupo Birika, muuza kahawa, anayekunywa nusu ya anachouza. Yupo Balozi, aliyepika melini miaka ishirini, na huwezi kutaja nchi asikueleze alivyogombana na watu wake. Na yupo Daktari, ambaye hajawahi kutibu mtu. Yeye hufungua simu zilizokufa na kuwapa wenyewe maneno ya faraja. Asubuhi hiyo, saa nne na ushei, Fundi Pindo alikuja anahema kutoka upande wa barabara kubwa, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni, mkononi kashika kipande cha mpira wa kiunoni kilichokatika.

— Katibu katoroka, akasema.

— Na hela za chama? Birika akaruka.

— Katibu mbwa!

— Aaa. Ungesema mapema, bwana. Umenimwagia kahawa.

Katibu alikuwa mbwa wa kunusa, mfupi, wa rangi tatu, masikio yakiburuta chini kama mapazia ya nyumba ya kupanga. Binti wa Fundi, kitinda mimba, ndiye aliyempa jina, kwa kuwa alitembea kichwa chini muda wote kama mtu anayeandika kumbukumbu za kikao. Fundi alimchagua mwenyewe, kifundi: alimpima kifua, akampima shingo, akampima mgongo, akaridhika kwamba ataenea uani. Hakupima ile miguu inataka kwenda wapi.

— Nimezunguka mtaa mara mbili naita "Katibu! Katibu!" Katibu wa wapangaji akatoa kichwa dirishani, akaniambia risiti zote anazo.

— Kaa kwanza, akasema Balozi. Haraka haraka haina baraka.

— Balozi, mtoto anatoka shule saa sita! Nitamwambia nini?

— Mwambie saa sita ikifika. Kaa.

Fundi akakaa, kwa tako moja. Birika akampa kikombe. Akanywa bila kujua kama ni cha moto au cha baridi.

— Sasa tuchunguze, akasema Daktari, akivuta kiti kama anayetaka kumpima mtu presha. Kamba ilikuwa ya nini?

Fundi akaficha kile kipande mapajani.

— Nilimshonea mwenyewe. Mpira wa suruali. Tabaka nne.

— Mpira!

— Nisimuumize shingo! Akivuta, unavutika. Nikaufunga kwenye mguu wa cherehani.

— Fundi, wewe hukumfunga mbwa, akasema Birika. Ulimtia kwenye manati.

Wakacheka wote isipokuwa mwenyewe. Yeye alikuwa anatazama barabara kubwa, malori yanavyokata kona pale bila breki, na kila kitu cheupe kilichopeperuka ng'ambo, mfuko au gazeti, kilimpiga moyo teke.

— Kaibiwa huyo, akasema Birika. Wanakuja na nyama kwenye karatasi. Mbwa mwenye pua kama ile hata picha ya nyama anaifuata.

— Hakuibiwa, akasema Balozi. Katika bandari moja, siitaji, wale watu nina kesi nao, mbwa wa aina hii alinusa sufuria yangu kutoka mjini. Akapanda ngazi ya meli mbele ya nahodha. Tumeng'oa nanga naye yuko jikoni. Huyo wako sasa hivi yuko bandarini.

— Hapa hakuna bandari, Balozi!

— Ndiyo maana amechelewa kurudi.

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, ile huruma anayowapa wenye simu zilizoingia maji.

— Nyie mnaongea mambo ya zamani. Pua ya mbwa ni antena. Juzi wamesimamisha mnara mpya kule juu. Mawimbi yamemwingia, sasa anauzunguka mnara na hawezi kutoka. Atazunguka mpaka waukate umeme.

— Ewe Mola, akasema Fundi.

— Aliyekuuzia alikupa maelekezo gani? akauliza Daktari.

Hapo ndipo Fundi alipoona aibu, maana maelekezo alipewa mengi na alikuwa akiitikia kwa kichwa huku akiwaza bitana. Atembezwe asubuhi na jioni, matembezi ya kutoa jasho. Ua uwe mrefu, na chini uzibwe, kwa sababu atachimba. Asiachwe peke yake kutwa. Chakula kipimwe, hajui kushiba.

— Na kitu kimoja cha masikio, akasema polepole. Aliniambia, "Huyu akishika harufu, masikio yanaziba."

— Enhe! Ugonjwa!

— Ndivyo nilivyoelewa. Kwa hiyo kila jioni nilimsafisha. Kwa pamba.

Daktari akaweka kikombe chini.

— Pamba yote ulitoa?

— Yote... nadhani.

— Nadhani! Jamani, mbwa ni kiziwi! Uliita mtaa mzima, atasikiaje na pamba masikioni?

— Sikio halipiti kichwa, akasema Birika, kwa sauti ya kumaliza kesi.

— La huyu linapita, akasema Balozi. Umeliona?

Fundi alishaacha kusikiliza. Akilini alimwona Katibu katikati ya barabara, kichwa chini, akiandika kikao chake juu ya lami, na lori likipiga honi ambayo haisikii. Nyuma ya picha hiyo akamwona binti yake. Tangu bibi yake afariki, mtoto yule alikuwa wa kona: anakula ukimwambia kula, anacheka ukimtekenya. Kisha akaja Katibu. Kwa wiki nne mtoto akawa anaamka kabla ya jogoo, wanatoka na mbwa mpaka kwenye tangi la maji, wanarudi na matope na hadithi. Jumatatu mitihani ilipoanza alisema, "Baba, wiki hii mtembeze wewe." Fundi akajibu, "Niachie mimi."

Leo ilikuwa Alhamisi. Fundi alikuwa amemtembeza mara sifuri. Kila asubuhi alimfunga kwenye mguu wa cherehani, akakaa kushona, na mbwa alipolia, akakanyaga kwa nguvu zaidi. Hayo hakuyasema benchini.

— Ukifika wakati huu, akasema Balozi, unamkubali Mungu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtafutie mtoto kobe. Kobe haendi mbali.

— Kobe ananuka, akasema Birika.

— Basi sungura.

— Jamani, mbwa wangu hajafa!

Alipaza sauti kuliko alivyokusudia. Wakageuka, wakaona mwanamke kasimama mbele yao, mgeni mtaani, kakumbatia mkoba ulioasama.

— Hodi jamani. Nimeelekezwa kwa fundi, zipu imeachia. Samahani, nimewasikia.

— Karibu, dada, akasema Fundi. Leo kidogo hatuko vizuri. Nimepotelewa na mbwa.

— Mbwa wa aina gani?

— Wa kunusa, wakajibu wote wanne, kwa fahari, kama wamemzaa.

— Aa. Mwanamke akawatazama mmoja mmoja. Sasa, alikuwa anamnusa nani?

Balozi akafungua mdomo, akatafuta nchi ya kusimulia, akaikosa. Daktari akageuza simu ya watu, akaipuliza vumbi ambalo halikuwapo. Birika akainua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha mgeni. Likadondosha tone moja, likakoma.

Saa nzima walikuwa wamemtafuta aliyemwiba, meli iliyomchukua na mnara uliomshika. Hakuna aliyewaza kwamba Katibu anaweza kuwa na shughuli zake.

Fundi akakitazama kile kipande cha mpira. Asubuhi. Sweta la shule lilichanika kiwiko. Alilishona jana, likaanguka chini ya cherehani, Katibu akalilalia usiku kucha. Alfajiri mtoto akalivuta chini ya tumbo la mbwa, akalivaa lilivyo, lina joto, akakimbilia mtihani wa hesabu. Katibu akabaki ameweka pua pale sweta lilipokuwa. Akalia mara moja. "Tulia, Katibu," Fundi akamwambia, na akakanyaga cherehani. Kwa kelele ile hata mpira ulipokatika hakusikia.

Akishika harufu, masikio yanaziba. Haukuwa ugonjwa. Aliyemuuzia alikuwa anamwambia tu kwamba mbwa huyu akishampata anayemtaka, hata umwite vipi hasikii. Na yaliyoziba wiki hii nzima hayakuwa masikio ya Katibu.

Fundi akasimama.

— Nyamazeni, akasema.

— Hakuna aliyese...

— Nyamazeni kabisa!

Benchi likanyamaza, jambo ambalo tofali lenyewe halikumbuki kulishuhudia. Lori likapita. Wakangoja lipite. Fundi alifumba macho, mdomo wazi, akiitafuta ile sauti ambayo kwa wiki tano aliomba ikome, sauti iliyomfanya mama mwenye nyumba amuulize kama amefuga mbwa au king'ora. Hakuna kitu. Nyundo mahali fulani. Hakuna kitu.

Kisha, mbali, nyuma ya mapaa, upande wa shule: king'ora. Kirefu, cha kuvuta, cha mtu aliyefika na hafunguliwi.

— Ndiye! Birika akapiga kelele. Si nilisema kaibiwa?

— Fundi, mtihani! akasema Daktari. Atawaharibia watoto mtihani!

Fundi alishavuka mtaro, futi inapepea mgongoni, kiatu kimoja kinataka kubaki.

— Usimkimbize! Balozi akamwitia. Ukimkimbiza atakukimbia!

Hakugeuka. Pengine hakusikia.

Mwanamke akaangalia mkoba wake, akaangalia mlango wa banda ulio wazi, cherehani na mguu wake mmoja uliolegea.

— Na zipu yangu je?

Daktari akavuta kiti, akaupokea mkoba kama simu iliyokufa.