Mti wa Bi Chizuru Unapukutika

Asubuhi za Julai, kabla jua halijakolea, mtaa wote wa nyuma ya hekalu hunyunyiza maji mbele ya milango, na mwenye adabu huvuka kidogo mpaka wa jirani asije akaitwa mchoyo. Kazi ikiisha, benchi la nje ya duka la kinyozi Tokuji hujaa, na kahawa za kopo hutoka baridi kwenye mashine ya kuuzia vinywaji. Siku hiyo Tokuji, ambaye wenzake humwita Wembe, alikaa akiutazama mti wa momiji wa mzee Kuramochi ng'ambo ya uzio. Majani yake madogo kama viganja yalikuwa yakipukutika utadhani ni Novemba, mwezi wa majani kuanguka. Mwenyewe hasa, mkewe Bi Chizuru, alikuwa Sapporo kwa binti yake, akijiuguza baada ya upasuaji. Alimwachia mumewe agizo moja tu: nikirudi niukute. Wembe hakuwa na wasiwasi. Kila alfajiri aliupa mti ule ndoo nzima ya maji, kimyakimya. Bila yeye ungekuwa umekwisha kufa.

— Fundi wa bustani anakuja mchana — alisema Kuramochi kwa unyonge, kando yake benchini. — Aung'oe, apande mwingine unaofanana nao. Mke wangu anarudi Jumamosi.

— Akigundua? — aliuliza Wembe.

— Nitamwambia umekonda kwa kumkosa.

— Usiung'oe, bwana — alidakia Mwalimu Iwanaga, aliyestaafu kufundisha hesabu lakini hajaacha kufundisha watu. — Tatizo ni treni. Zinatikisa mizizi.

— Treni gani, Mwalimu? Reli iko ng'ambo ya mto!

— Kwani mtikisiko unaogopa kulowa?

Bibi Sumie, muuza tofu, akacheka kwa dharau.

— Acheni hizo. Mti una wivu. Mzee kanunua televisheni mpya, haji tena kuutazama.

— Mti, Bibi? Wivu?

— Marehemu mume wangu alikuwa gogo kabisa, na wivu alikuwa nao.

— Nyote mmepotea — alisema Wembe. — Ni mwezi. Nywele ukizikata mwezi mpevu, zinanyonyoka. Mti huu ulipogolewa mwezi mpevu.

— Na mimi ulininyoa lini? — Mwalimu akavua kofia, upara ukang'aa.

— Si ndiyo ushahidi wenyewe!

Walicheka wote isipokuwa Kuramochi. Kicheko kilikuwa hakijaisha teksi iliposimama, akashuka Bi Chizuru na fimbo yake, kabla ya siku yake. Hakusalimia mtu. Alipita getini moja kwa moja mpaka kwenye shina, akalikwaruza gome kwa ukucha. Ndani kulikuwa na kijani.

— Bado uko hai — alisema.

Akasogea hatua moja. Kandambili ikazama, maji yakampanda mpaka vidoleni. Akawageukia.

— Nani anaumwagilia?

Wembe akafungua kinywa kwa fahari, tayari kupokea shukrani zake. Akaona kinywa cha Mwalimu kimefunguka. Na cha Bibi Sumie. Kuramochi alikuwa ameshanyoosha mkono juu. Vinywa vikafungwa, mkono ukashuka.

— Nimeuliza, ni nani?

Mwalimu akasoma maandishi ya kopo lake kama mtu anayesahihisha mtihani. Bibi Sumie akaona vumbi kwenye aproni yake.

— Haya — alisema Bi Chizuru, akiichomoa kandambili kwenye tope. — Kesho asubuhi, nyote mlale.