Mama Euphrasie wa Soko ya Kadutu na Batoto Benye Anaacha

Padri wa paroasi yetu, tonton Anaclet mukubwa wa familia, majirani ya avenyi yetu, bamama na bapapa ba soko ya Kadutu, na nyinyi bote benye mumepanda huu mulima mu vumbi ya mwezi ya sita, familia imenipatia miye Colombe kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu mukubwa, juu miye njo nilikaa naye mu nyumba moja tangu kifo ya mama yangu, na juu tonton anasema niko na sauti ya kufika ku barabara. Masomo yangu ilisimama ku troisième, mwaka ya tatu ya sekondari, mukisikia kosa musinicheke mbele ya sanduku, mutanicheka ku nyumba.

Marehemu Nsimire Euphrasie alizaliwa Nyantende, tarehe 4 mwezi ya tatu 1938, mutoto wa kwanza wa marehemu papa Barthélemy, mulimaji, na wa marehemu mama Rosalie, nyuma yake alikuya tonton Anaclet, na wa mwisho alikuwa Agathe, mwenye alinizaa miye. Jina ya Euphrasie ilifutwa mu karte yake mwaka 1972, wakati batu bote balipokonywa majina ya ubatizo, lakini ku soko hakuna mutu alimwita Nsimire, hata basoda wa kukamata banamuke benye kuvaa pantalo balikuwa banamwita mama Euphrasie, na yeye anabajibu citoyen, vile Serikali ilitaka.

Alianza masomo kwa bamasere, batawa ba misioni ku Nyantende, mwaka 1946, akafika ku mwaka ya ine, bamasere balimufundisha kusoma, kushona na kutia vifungo, na mwaka 1950 papa Barthélemy akamutosha, juu shamba ilikosa mikono.

Aliolewa mu kanisa ya Nyantende tarehe 28 mwezi ya saba 1956 na papa Lucien, shofa wa kamio ku barabara ya Bunyakiri na Hombo, bakaenda kukaa Bunyakiri, na hapa tonton alinishauri nipite haraka, lakini nikipita haraka hamutaelewa batu benye munaona bamejaa hapa leo. Papa Lucien alikuwa anamupiga. Bikwembe yote ya bibi yake, vitenge ya kuvaa, alichagua yeye, rangi yeye, kitambala yeye, na siku yenye alikasirika alifunga bikwembe yote mu valizi na kuweka ufunguo mu mufuko, bibi anabakia na moja, anaifua usiku, anaivaa asubuhi ikiwa ingali na maji, hawezi kwenda ku misa, hawezi kwenda ku kilio ya jirani. Miaka kumi na tatu. Mutoto hawakupata. Tarehe 12 mwezi ya kumi na moja 1969 alipanda kamio ya maharagi ya mutu mwengine, na kikwembe moja ku mwili na miguu tupu, vingine vyote vilibakia, juu bwana yake alisema kitu yenye imenunuliwa na feza yake haitoke mu nyumba yake.

Kuhusu kazi, marehemu alifikia Kadutu kwa mudogo wake Agathe, miye nilikuwa na mwaka moja, na ku soko kulikuwa mama moja munene, mama Eulalie, mwenye kufungua balo, mizigo ya nguo yenye ilivaliwa Ulaya, akamupa kazi ya kunyorosha nguo na kuzitundika. Siku ya kulipwa, marehemu akaona robe moja, gauni ya kijani, akauliza bei, mama Eulalie akataja bei ya kichaa, marehemu akatosha feza yake yote akainyoosha bila kupatana bei. Mama Eulalie akairudisha. "Weye iko mugonjwa? Nimekudanganya bei, na weye unakubali?" Marehemu akasema, "Mama, miye sijui kukatala." Yule akamujibu, "Basi robe haitoke hapa mupaka ukatale." Balishinda pale mupaka soko ikaanza kufungwa, batu ya meza ingine bakafunga bintu yao bakabakia kuangalia, na marehemu alitoka na ile robe kwa bei ya nusu na koo imekauka, na aliniambia miye mara mingi kama ile siku njo aliacha kuwa bibi ya papa Lucien, hata kama karatasi ya ndoa ilisema namna ingine.

Mama yangu Agathe alikufa tarehe 2 mwezi ya nane 1970, marehemu akanichukua, na mwaka 1972 akapata meza yake mwenyewe, safu ya tatu kutoka ku bomba ya maji. Wakati sheria ya Serikali ilikataza mwanamuke kuvaa pantalo, na balo zilikuwa zinafika zimejaa pantalo, batu ya kuuza banalia hasara, lakini marehemu alizipasua katikati akazishona jipi, sketi za banamuke, na jipi zake zilitembea mupaka mutaa ya Nguba, ku bamadame ba ofisi. Papa Lucien alikuya kumutafuta mwaka 1976, akasimama mbele ya meza, akamwangalia chini na juu, akamuuliza, "Siku hizi unajipamba, nani anakununuliaka?" Marehemu akamujibu, "Miye. Sogea kando, unafunika nguo, batu habaoni." Hakurudi tena.

Sasa nifike ku bale banamuke benye bamejaa hapa, na hapa mutanivumilia, juu mutu mwenye anasoma iko na roho pia.

Kuanzia ile mwaka banamuke balianza kuya ku meza yake, moja anatoka Mwenga, mwengine Kabare, mwengine mu parsele ya nyuma ya nyumba yetu, macho imevimba, wanafunika mudomo na kitambala, na nguo moja ku mwili sawa vile yeye alikuya. Marehemu hakuwapatia nguo bure. Batu ya paroasi balikuwa banamulaumu, banasema huyu mama iko muchoyo, mutu amepigwa na weye unamuuzia. Yeye alikuwa anabapatia kazi ya asubuhi moja, kunyorosha na kutundika, anabalipa, kisha anabaambia bachague benyewe, robe, blauzi, manto, kila moja ajiangalie mu kioo yenye alifunga ku muti ya meza, na wakichagua anabatajia bei ya kichaa na kufunga mikono. Bengine balilia. Bengine balitosha feza yote, anabarudishia. Anabaambia, "Sema hapana. Nguvu. Mama wa nyanya kule hajasikia." Na mama wa nyanya, mama Colette, munamuona pale na kitambala ya mweusi, alikuwa anapiga makelele kutoka ku meza yake, "Sijasikia!" Hiyo njo ilikuwa kazi yake, kumufanya mwanamuke mwenye alipigwa juu ya kusema aseme, na akisema, atoke pale na nguo yenye amechagua na amelipa, yenye hakuna mutu ataifungia mu valizi.

Miye nilikuwa nakaa chini ya meza na kaye zangu za masomo, naona. Na miye nguo yangu ilikuwa inanikuta ku kitanda imekunjwa, sweta, jipi, viatu, anachagua yeye, hakuniuliza rangi, hakunitajia bei hata siku moja, tuko mu nyumba moja lakini mu kioo ya ile muti sikusimamishwa. Banamuke ya batu banapatana naye bei asubuhi muzima, banacheka, banagonganisha mikono, miye naambiwa vaa ile, uende ku masomo. Iliniuma, nasema wazi, na hata leo inaniuma kuona bamama habo kule nyuma banalia kunipita miye.

Mwaka 1983 manto moja, koti ya baridi, ilitoka mu balo, nyekundu, vifungo ya shaba, kola ya manyoya, nilikuwa na miaka kumi na tano, nikasema, "Mama, ile yangu." Akasema ile si ya mutoto. Ile wiki alikuya Bulonza, mwenye anasimama pale nyuma ya majirani, alitoka Mwenga, bwana yake alikuwa anachimba zahabu na kumupigia kila kitu yenye zahabu ilimunyima, sauti yake ilikuwa ndogo mupaka ulikuwa unaangalia mudomo ili umusikie, na akasimama mbele ya ile manto. Balipatana siku mbili. Siku ya pili Bulonza alisema hapana mupaka mama Colette akaitika kutoka ku nyanya, "Hiyo nimesikia!" soko yote ikapiga mikono, na Bulonza akaenda na manto yangu. Aliivaa ku tribinali ya zoni, siku ya kesi na bwana yake, mu jua ya mwezi ya pili, akaongea mbele ya bajuge bila kushusha macho, na akapata batoto bake. Batu banasema ile manto ilimusaidia. Miye naisemaka vile vile, lakini sikumusalimia mwaka muzima, na yeye anajua.

Fasi ya batoto ku hii karatasi iko tupu. Ninairuka, nitarudia.

Marehemu alianza kuumwa tumbo mwezi ya kumi na mbili 1985, akalazwa ku hospitali kubwa mwaka 1986, bamunganga bakamupasua, akarudi ku soko mu mwezi ya kumi, na tarehe 20 mwezi ya tano ya huu mwaka ugonjwa ikamuangusha tena, tukamurudisha ku hospitali. Nilimulinda miye. Mutasema alilindwa na bengi, ni kweli, balileta supu, balifua mashuka, lakini kulala chini ya kitanda ilikuwa miye. Siku moja nilimuuliza, juu ilikuwa inaninyima usingizi, kwa nini miye hakunipatanisha bei sawa bale bengine. Alicheka mupaka akashika fasi yenye balimupasua. "Weye? Weye tangu kuzaliwa unasema hapana, ningekufundisha nini?" Kisha akasema, "Miye nilichaguliwa nguo miaka kumi na tatu, nilitaka nami nichagulie mutu kwa mapendo. Uniache na hiyo." Nilimusikia. Wivu haikuisha, ilikaa tu, sawa mutu mwenye amepata kiti.

Alikufa siku ya pili, tarehe 9 mwezi ya sita 1987, asubuhi, mukono yake mu yangu.

Sasa batoto. Jana asubuhi, wakati tunaosha masufuria ku bomba, Bulonza alikuya mbele ya bale banamuke benye balipita ku meza ya marehemu na bangali Bukavu, bako tisa, akasema banaomba mu hii historia ya marehemu basomwe sawa batoto bake, na ku kaburi basimame karibu ya sanduku na kutupa udongo pamoja na batoto, si nyuma na majirani. Tonton Anaclet alishaniambia, marehemu hakuzaa, soma hakuna. Miye nilitaka kusoma moja, miye mwenyewe. Nikamuambia Bulonza hapana. Akasema, "Basi nane, Anne-Marie anaenda Uvira leo." Nikasema moja. "Sita, bale tu benye balilala mu nyumba yenu." Moja. Akanitazama, akaweka sufuria chini. "Colombe, weye unapatana mubaya, unasimama ku bei moja sawa muzungu. Sema kitu." Nikamuambia, na sauti yangu njo hii munasikia, kama nyinyi mulimupata akiwa amepumzika, na nguo nzuri, mu jua, na batu banapiga mikono, miye nilimupata jioni amechoka, miguu yake mu bassin ya maji, hana tena neno, na sasa munataka na ile kidogo yenye ilibakia. Maji ilijaa ikapita juu ya ndoo. Bulonza akasema, "Hiyo ya jioni siye hatukupewa hata siku moja. Tuliiona tu wakati anafunga meza na kukushika mukono, munashuka. Unafikiri siye hatukukuonea wivu?" Hatukumaliza bei. Aliinua sufuria akaendelea kuosha, akaniambia utasoma vile utaona.

Sikujua kama mutu anaweza kunionea miye wivu. Nimeishika tangu jana, sikulala nayo muzuri, na tonton atanisamehe, ataniambia yake ku nyumba, juu karatasi iko mu mukono yangu.

Marehemu Nsimire Euphrasie anaacha batoto kumi. Wa kwanza miye Colombe, mutoto wa Agathe, mwenye marehemu alimulea. Bengine ni Bulonza, na Anne-Marie mwenye hakuenda Uvira, namuona pale na mutoto ku mugongo, na bengine saba benye banajijua, basitoke nyuma ya batu mumoja mumoja sawa benye deni, bakuye pamoja, na majirani bafungue njia.

Familia inashukuru bamunganga na bainfirmiere ba hospitali benye hawakuchoka, inashukuru majirani benye balitoa viti, kuni na usingizi yao, inashukuru padri, inashukuru soko ya Kadutu yenye imefunga meza zote leo, mama Colette kwa koo yake, na batu ya balo benye balibeba sanduku kutoka ku hospitali ku mabega.

Batoto bamefika. Miye natangulia kutupa udongo, ile sipatani na mutu, kisha Bulonza, kisha bengine vile banasimama, na wa nyuma amushike wa mbele mukono.

Mama, siye bote tuko hapa. Pumzika kwa amani.