Barua za Dalva

Jumanne ile, wasikilizaji wapendwa, Wambui alirudi nyumbani kwake, mtaa wa Kingstanding, kutoka hospitalini Harborne, akapika chai ya watu wawili. Mumewe, Evaldo Quirino, mwandishi wa tamthilia, alikuwa amefariki alfajiri. Miaka themanini na mitatu. Chai ikapoa. Wambui akalitazama sanduku.

Sanduku la barua. Barua kutoka Brazili, mwandiko wa mwanamke. Mzee alizisoma bafuni, mlango kaufunga. Kwa miaka kumi na mmoja Wambui hakuuliza. Alinusa bahasha tu, akajiambia: huyu ana mtu.

Evaldo alikuwa nani? Katika mji wake mdogo, kaskazini-mashariki mwa Brazili, waigizaji hawakukariri. Chini ya jukwaa palikuwa na shimo, na mtu ndani yake akiwanong'onezea kila neno. Evaldo, kijana bado, alilipigilia mbao shimo hilo. Akawaambia: karirini! Tena semeni kama watu wa soko letu, si kama mabwana wa Lisbon. Miji jirani ikamfuata. Jukwaa la kwao likawa jipya. Hata alipohamia ng'ambo huku kwetu, akifundisha waigizaji kwenye ukumbi wa kanisa hapa Newtown, alifoka: "Anayetaka kunong'onezewa aende nyumbani!"

Baada ya kifo, binti yao Tara alizitafsiri barua kwa programu ya simu yake.

"Soma. Na usinifiche kitu," mama alisema.

"Mum, ni play tu."

"Play gani, na mapenzi yamejaa hivyo?"

"Ni wahusika wanaongea! Look, huyu hapa ni mbuzi."

Wasikilizaji, Dalva, mwandishi wa barua hizo, ndiye aliyekuwa shimoni. Mbao zile zilimnyima kazi akiwa na miaka kumi na tisa. Lakini kila mazoezi alikuja, akaketi nyuma, akinong'ona peke yake. Mafuriko yalipobeba miswada yote ya Evaldo, tamthilia zilibaki kichwani mwa Dalva tu. Mzee akamwandikia, kumwomba maneno aliyoyatunga yeye mwenyewe, na Dalva akamrudishia kwa barua.

"Baba aliona aibu kunong'onezewa," Tara akasema.

"Aibu gani mbele yangu? Si mimi niliyekuwa nikimfunga vifungo vya shati?"

Wambui, Tara, poleni sana. Nasi tunaosikiliza, tumkumbuke mtu mmoja tuliyemwondoa mahali pake kwa nia njema.

Mazishi ni Ijumaa, saa nane mchana. Dalva bado hajaambiwa. Wambui ameandika anwani ya Dalva juu ya bahasha. Ndani hajatia kitu.