Nyuzi Nene za Bah Teibor

Wasikilizaji wapendwa, khublei. Leo ni Jumapili, saa tisa alasiri, mvua inapiga bati la studio kama kawaida yake, na mimi ni Wanbok Nongsiej. Wengi mnaniita Bah Wan, kaka Wan. Kwa miaka kumi na tisa mmezoea kipindi hiki kianze kwa gitaa, halafu mimi ndiyo niimbe. Leo gitaa hamkulisikia. Aliyekuwa akilipiga hayupo.

Bah Teibor Kharmalki amefariki. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwa dada yake, mtaa wa Mawkhar, akiwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa anakunywa chai, moyo ukasimama. Tumemzika Alhamisi. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Bah Teibor, mpiga gitaa wetu, amefariki Jumanne.

Najua mnangoja niseme alikuwa mpole, mtu wa watu, asiye na adui. Nitasema. Lakini nianze na la kwangu, maana likinikaa kooni sitaweza kusoma hata matangazo. Mimi nilimwonea wivu Teibor. Wivu wa miaka na miaka, huku nakula naye wali na nyama ya nguruwe sahani moja. Mkitaka kunicheka nichekeni tu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulianza vijana, kwenye kwaya ya kanisa la mtaani. Yeye gitaa, mimi sauti. Baadaye tukatoka wawili: harusi, Krismasi, na hapa redioni. Sasa niulizeni, mwimbaji kati yetu alikuwa nani? Mimi. Maneno nakariri mimi, jasho langu, shingo inatoka mishipa. Wimbo ukiisha, watu wananipita kama nguzo, wanamwendea yeye. Bah Tei, hilo gitaa leo limesema! Kina mama wanamletea pukhlein, maandazi yetu ya mchele, za moto zimefungwa kwenye kitambaa. Mimi naletewa maji. Mwaka mmoja gazeti likatoa picha yetu ya harusini kule Jowai, na chini wakaandika: Teibor Kharmalki na mwenzake. Mwenzake! Mwenzake hakuzaliwa na jina? Nilikata ile picha nikaitunza. Ninayo mpaka leo, na sikuitunza kwa mapenzi.

Lakini kilichonikosesha usingizi hasa ni nyuzi zake. Gitaa lenyewe halikuwa la ajabu. Mbao imepauka, ubavuni lina ufa uliotiwa gundi. Ila akiligusa, sauti inatoka nzito, ya mviringo, inajaa nyumba. Nikajua siri iko kwenye nyuzi.

Kwa msiopiga gitaa nieleze kidogo. Nyuzi zinauzwa kwa unene. Kuna seti ya kumi, nyembamba, laini vidoleni, hata mgeni anazimudu, lakini sauti yake ni ya kulialia. Kuna seti ya kumi na tatu, nene. Hiyo sauti imeshiba, ila kuikandamiza ni kazi ya mbeba mawe. Kila mpiga gitaa wa mji huu anatafuta nyuzi laini vidoleni na tamu masikioni, na wengi wanaishia kwenye kumi na mbili wakamshukuru Mungu. Teibor alikuwa na vyote viwili, ulaini na utamu. Na vidole vyake vyenyewe baridi yabisi ilikuwa imeshaanza kuvikakamaza. Jamani, mtu mwenye vidole vya mzee anapata sauti ile kwa raha ile? Ningekosaje wivu?

Nilimwuliza, nikamwuliza tena. Jibu lake lilikuwa lile lile. Nunua za shaba, futa jasho kila ukimaliza, na usizishike ukiwa na chokaa. Hapo alikuwa ananisema mimi. Mimi ni mtu wa tambuu, chokaa haitoki kidoleni, na chokaa ikichanganyika na unyevu wa huku, uzi haumalizi wiki bila kuota kutu. Lakini hata nikinawa, gitaa lake sikuruhusiwa kuligusa. Nikinyoosha mkono ananichapa na kile kitambaa chake cha fulana kuukuu. Nikasema moyoni, huyu ni mchoyo.

Siku moja nikaona pakiti tupu ya nyuzi kando ya jiko kwa dada yake. Seti ya kumi na tatu. Nilishuka mpaka dukani siku hiyo hiyo. Muuzaji akaniuliza kama nakwenda kufunga mbuzi. Nikafunga kwenye gitaa langu, nikazikaza sawasawa kwa kufuata kipimo cha sauti cha kwenye simu, zisipungue hata nywele. Dakika kumi tu, vidole vimechimbika, viwili vimetoa malengelenge. Kuimba hata sikukumbuka. Nikarudisha gitaa ukutani, nikamfuata Teibor, nikamwambia ile pakiti ameiacha makusudi nidanganyike. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Wan, kila mkono una nyuzi zake." Sikusema naye mwezi mzima, isipokuwa hapa hewani. Hapa hewani nilimwita ndugu yangu mpendwa. Mnisamehe.

Kuna mambo mawili mengine yaliyonichoma. La kwanza, kabla ya kila wimbo alikuwa anapiga mara moja, ananigeukia mbele ya watu, ananiuliza, "Hapo panakufaa?" Kila wimbo! Mimi mwimbaji wa miaka arobaini naulizwa kama mtoto wa shule ya Jumapili. Nilikuwa namjibu kwa mkato apige tu. La pili, hakutaka kinanda karibu yetu. Dada yetu Kong Risa, mpiga kinanda wa kanisa, aliomba mara tatu ajiunge nasi. Teibor alikataa mara tatu, akisema sisi wawili tunatosha. Nikamnong'oneza Kong Risa kwamba jamaa anaogopa kufunikwa. Kong Risa alinitazama tu. Nikadhani tumekubaliana.

Sasa nirudi nyuma miaka kumi na miwili, kwenye Krismasi ile ambayo wengine wenu mnaikumbuka. Kanisa limejaa mpaka kwenye ngazi. Nikafika pale juu pa wimbo, sauti ikakatika. Nikajaribu tena, ikakatika tena. Nilijifungia ndani wiki mbili, sitaki kuonana na mtu, nakunywa tangawizi na asali. Halafu Teibor akaja na gitaa lake, akasema tujaribu. Nikaimba. Sauti ikapanda mpaka juu, haikutetereka!

Mnakumbuka nilivyorudi hapa. Nilijisifu, jamani. Niliwaambia tangawizi na asali, asubuhi na jioni, imenirudishia ujana. Nikasema wenzangu wote wa rika langu wameshuka, mimi bado naimba kwenye ufunguo wa G. Nilikuwa na uhakika, kwa sababu nilikuwa natazama vidole vya Teibor, na vidole vilikaa pale pale pa G, siku zote. Nasikia tangawizi ilipungua sokoni Iewduh wiki ile.

Haya. Alhamisi tukamzika. Familia ikaniomba niimbe ule wimbo wetu, tuliouimba kila mahali. Wa kulipiga gitaa hakuwepo, kwa hiyo Kong Risa alikaa kwenye kinanda. Akaniinamia kabla ya kuanza. "Bah Wan, nishushe kidogo?" Nikamwambia, "Ushushe nini? G, kama siku zote." Alinitazama vilevile kama siku ile. Akapiga G.

Mstari wa kwanza nilikwenda kwa kujikaza. Wa pili, pale juu, sikufika. Nikarudia. Ikatoka sauti kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Nikakaa chini. Kanisa zima likaanza kulia. Wakasema maskini, huzuni imemkaba, hawa walikuwa zaidi ya ndugu. Mama mmoja akanipa leso yake. Wasikilizaji wapendwa, leo nawaambia ukweli. Sikuwa nalia. Sauti haikufika tu.

Baada ya maziko tulirudi nyumbani. Nyumba ni ya Kong Dari, dada yake mdogo, kitinda mimba, kama ilivyo kwetu, binti wa mwisho ndiye anayerithi nyumba. Watu wakapewa chai na tambuu. Kong Dari akanivuta chumba cha nyuma, akanipa gitaa la Teibor, akasema ni langu sasa. Nikanawa mikono kwanza. Hata akiwa kaburini nilimwogopa na kile kitambaa. Nikaweka vidole pa G, nikapiga, nikatazama simu. Simu ikaandika E, chini kabisa ya G.

Nikamwambia gitaa limelegea, labda watu wamelichezea msibani. Akasema hakuna aliyeligusa.

"Halijalegea, Bah Wan. Ndivyo alivyokuwa akilipiga."

Akakaa kwenye kigoda, akanieleza taratibu kama mtu anayemwambia mwenzake habari ya ugonjwa. Baada ya Krismasi ile Teibor alikaa chumbani humo siku tatu, analegeza nyuzi, anakaza, analegeza. Alitaka gitaa lishuke liifuate sauti yangu, lakini vidole vyake vikae pale pale, nisigundue. Wakati huo alikuwa anatumia seti ya kumi, kwa sababu ya baridi yabisi. Nyembamba ukizilegeza zinapwaya, zinagonga mbao, sauti inakuwa chafu. Akapanda kwenye kumi na mbili. Akaishia kwenye kumi na tatu. Nyuzi nene ukizikaza sawasawa zinakuchana vidole. Ukizilegeza zinakuwa laini, na sauti inashuka imeshiba. Sauti ile mliyokuwa mnaipigia makofi, ile niliyoionea wivu mpaka malengelenge, aliitengeneza alipokuwa anatafuta mahali pa kuniweka mimi.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Kong Dari akasema na yeye aliwahi kumwuliza hivyo hivyo.

"Akasema ukijua umeshushwa hutaimba tena. Alisema, Wan namjua, ana wivu hata na kivuli chake. Alianza nusu hatua, kisha hatua nzima, mwaka jana hatua na nusu. Kila sauti yako ilipotaka kushuka, yeye alikuwa ameshatangulia."

Ndiyo maana hakutaka kinanda. Kinanda hakishuki kwa siri, kingenitangaza. Na Kong Risa alijua. Mafundi wa mitambo wa hapa studio walijua. Nimewauliza leo nilipofika, wakatazama viatu vyao.

Nimeona aibu, wasikilizaji, aibu ya kutokutoka nje siku mbili. Na wivu haujaondoka. Leo nina wivu kuliko jana. Mimi ningejua jambo kama hilo la mwenzangu, ningelisema kabla chai haijapoa, tena nikiwa nacheka. Yeye alikaa nalo miaka kumi na miwili, nikimwita mchoyo kwa kila atakayenisikiliza. Moyo wa namna hiyo mimi sina, na nasikitika kuukosa.

Kwa niaba yenu nyote natoa pole kwa Kong Dari, kwa ukoo wote wa Kharmalki, na kwa kwaya yetu. Mungu awatie nguvu. Bah Teibor ametangulia, sasa, kama tusemavyo huku juu ya marehemu, anatafuna tambuu nyumbani kwa Mungu, na natumaini huko hakuna mtu wa kumshikia gitaa akiwa na chokaa vidoleni. Nanyi mlio hai, kila mmoja wenu ana mtu anayemwonea gere akipigiwa makofi. Mwendeeni wiki hii, angali anakunywa chai yake. Kaeni naye, mwulizeni anabeba nini. Huenda asiwaambie. Mwulizeni tu. Na mlionunua tangawizi, mnisamehe. Ni nzuri kwa mafua.

Sasa gitaa liko mapajani mwangu. Tambuu nimeitema, mikono nimenawa mara mbili. Kong Dari amekuja, amekaa pale mlangoni, kile kitambaa kakishika yeye. Nyuzi sijazikaza. Ni zile zile nene, zimekaa pale pale alipoziacha Jumatatu. Mimi si mpigaji, nitakosea, mtanivumilia. Naweka vidole. Ni laini, jamani, laini kweli.

Miaka yote ile aliniuliza, na mimi sikuwahi kumjibu vizuri.

Hapa pananifaa, Teibor. Hapa pananifaa.