Picha Isiyo na Maneno

Wapendwa waombolezaji, marehemu dada yetu, ambaye sote tulimwita Kiguu na Njia kwa kuwa hakuna kiti kilichowahi kumweka, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, katika chumba cha nyuma ya duka la dobi, akiwa mtoto wa tatu wa fundi viatu, na mkunga alisema huyu kaja mbiombio.

Alisoma shule ya msingi jirani na kinu cha unga, kisha sekondari ya bweni, akahitimu mwaka 1997, baada ya kutolewa darasani mara chungu nzima kwa kosa la kusimamasimama.

Mwaka 2001 aliajiriwa kwenye ofisi ya uchapaji, ndiko alikojifunza kutengeneza kurasa za tovuti, na aliowafundisha ni mashahidi kwamba alikuwa mkali kama pilipili, kila alama ya msimbo iliyofunguliwa ifungwe, kichwa cha habari kiwe kichwa kweli na si maandishi yaliyokolezwa tu, rangi na mapambo yakae kwenye faili lao pekee, yasichanganywe na maneno.

Tarehe 14 Agosti 2004 alifunga ndoa na mchora mabango, aliyekuja ofisini kutaka tovuti ya herufi nyekundu za kuwakawaka, akanyimwa herufi, akapata mke, nao wakajaliwa binti mmoja.

Mei mwaka jana kisukari kilimpofusha, akawa anasomewa kurasa na simu, hadi alipofungua ukurasa wa familia aliojenga kwa mikono yake, simu ikatamka picha, picha, picha, basi, maana yeye aliyewagombeza wenzake miaka yote hakuwa ameandika maelezo ya picha hata moja, yale ambayo simu humsomea asiyeona. Aliona aibu, akalia, hakutulia wala hatukutulia, akawa anazieleza kwa kumbukumbu toka kitandani huku binti akiandika, ikabaki moja, yake ya siku ya harusi, akasema hajui alivyoonekana, binti aandike anachokiona, na binti kila akianza machozi yanamzidi. Figo zilishindwa, akafariki tarehe 2 Februari, alfajiri, akiwa bado anauliza kama imeandikwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomrudisha kitandani bila kuchoka, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake, ambao hata jana walikuwa wakikagua kurasa alizojenga, kwa ukali uleule aliowafundisha.

Dada, leo asubuhi binti yako ameandika, na simu inasoma hivi: Mama siku ya harusi, watu wote wameketi, yeye amesimama, anacheka.

Imeandikwa, dada. Sasa keti, pumzika kwa amani.