Nani Alimunyanganya Emmanuella Piano?

Benchi la Mama Odile liko pale barabara inapoteremka kuelekea stesheni ya reli ya Kalemie. Ukiketi, ziwa liko mgongoni na vumbi la malori linakuja usoni. Ni ubao mmoja mrefu uliong'olewa kwenye behewa la zamani, na kila mwenyeji ana sehemu yake iliyolainika kwa makalio yake mwenyewe. Kuna Kapitene, yaani Salomon, aliyeendesha boti za mizigo mpaka Kigoma hadi macho yalipomkatalia. Kuna Avocat, muuza mayuniti ya simu, jina lake Mbuyu, ambaye hajakanyaga shule ya sheria lakini hajawahi kukubali kushindwa kesi. Na kuna Papa Siméon, aliyebandikwa jina Pedali kwa sababu alipiga harmonium, kile kinanda cha upepo cha parokia, miaka thelathini. Alhamisi hiyo asubuhi Pedali alifika wa mwisho. Aliwakuta wenzake wameinamia telefone moja.

— Kaa, Papa Pedali, Avocat akasema. Ni mambo ya mutoto yako.

— Mambo gani?

— Foto. Imeingia kwa grupu ya kartie, ya mtaa wetu, hii asubuhi.

Pedali akaipokea telefone kwa mikono miwili. Emmanuella, binti yake, alikuwa amesimama juu ya kijukwaa huko Ubelgiji, amevaa nguo nyeusi, mgongo kwa watu, mikono juu. Mbele yake walikaa wanamuziki wengi, wenye violoni na tarumbeta. Piano haikuwepo. Pedali akaitafuta pembeni, akaitafuta nyuma ya wapiga ngoma, akaikuza picha mpaka ikawa ukungu mtupu. Haikuwepo.

— Piano iko wapi? Mama Odile akauliza, akimmiminia kawa ya moto kikombeni.

— Ndiyo hapo kesi iko, Avocat akasema.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini hiyo ni kesi. Pale mtaani kila mtu alijua jinsi Emmanuella alivyoanza akiwa na miaka sita, miguu haifiki kwenye pedali, baba yake amepiga magoti kwenye sementi ya kanisa akizisukuma kwa mikono ili mtoto apate upepo wa kupigia. Walijua jinsi Mère Consolate, mtawa wa pale parokiani, alivyoiandikia barua shule ya muziki ya Kinshasa. Jinsi msichana alivyopanda ndege peke yake akiwa na miaka kumi na minne. Halafu Ulaya, mashindano, zawadi, majumba yenye viti vyekundu. Na miaka miwili iliyopita akaongeza kazi ya pili. Akawa anaongoza okestra huku amekaa kwenye piano: mikono inapiga, na wale wengine anawaamrisha kwa kichwa, kwa nyusi, kwa pumzi. Siku video ya kwanza ilipofika, Kapitene alilipia kawa ya benchi zima.

— Miye ninasema amepanda grade, Kapitene akaanza. Ile siku nilipewa boti, niliacha kuingia kwa chumba cha mashini. Kapitene hashiki spana. Anasimama juu, anaonyesha kidole.

— Hapana, Avocat akasema. Kontra ya wazungu iko na artikle. Ukichelewa mara tatu, wanakunyanganya piano. Wamemwachia kijiti tu, juu ya huruma.

— Emmanuella hachelewi, Pedali akasema.

— Siseme anachelewa. Ninasema artikle iko.

— Na juu ya nini amewapa watu mugongo? Mama Odile akauliza. Watu wamelipa, wamevaa vizuri, anawaonyesha mugongo?

— Mwongozaji wa kwaya yetu pia anafanya vile, Kapitene akasema.

— Kwaya yetu hawalipe, Mama Odile akasema.

Pedali hakuwa akisikiliza. Jicho lake lilikuwa limenasa kitu ambacho wenzake hawakukiona. Kijiti, kile kifimbo chembamba cha kuongozea, Emmanuella alikuwa amekishika kwa mkono wa kushoto. Na Emmanuella si mtu wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa juu, ndiyo, lakini ulikuwa ngumi.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumapili, binti yake alikuwa amempigia simu. Pedali hakumwambia mtu habari hiyo, hata mke wake.

— Papa, alisema, vidole viwili vya mukono wa kuume vinajikunja. Haviumi. Ninawaza vifunguke, vinakataa. Nikishika kikombe, viko sawa. Nikigusa piano tu, vinajikunja.

Naye Pedali, ambaye maisha yake yote alikuwa amejua la kumjibu mtoto huyo kuhusu muziki, safari hii alijibu kwa woga.

— Usimwambie muntu, alimjibu. Hata mumoja. Wakijua, watakuweka pembeni. Zidisha mazoezi.

Toka siku hiyo Emmanuella hakupiga simu tena. Kila siku ujumbe ule ule: Niko muzuri, Papa. Na kila siku Pedali, akidhani hakuna anayemwona, alikuwa akivichezesha vidole vyake mwenyewe juu ya paja, kimoja kimoja, kana kwamba ugonjwa ungeweza kupita kwa damu kurudi nyuma.

— Sikilizeni, Kapitene akasema, sauti imepanda. Piano iko. Iko chini ya mbao. Kuna muntu mwingine amefichwa pale chini, anapiga, na Emmanuella amewekwa juu kwa ajili ya foto.

— Muntu apige piano chini ya mbao? Atapumuaje? Mama Odile akauliza.

— Na kwa chumba cha mashini tulikuwa tunapumuaje?

— Kapitene, weye umezeeka, Avocat akasema. Miye nitawaambia ukweli, na Papa Pedali asikasirike. Ni mambo ya asiransi, ya bima. Muntu akifika kiwango ile, wanaandikisha vidole vyake, kama motokari mupya. Sasa wenye asiransi wamekuja, wamepima, wameona kuna vidole vimoja vimeanza kuharibika. Wamesema: stop. Funga piano. Vile vidole haviko tena vyake.

Kikombe kikamponyoka Pedali. Kawa ikamwagika kwenye suruali yake, ikatiririka mpaka kwenye kiatu, naye hakujipangusa.

— Nilikuwa ninacheka tu, Papa, Avocat akasema haraka. Siko na hakika na vidole.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, mkoba miguuni. Alikuwa amesema jina lake ni Éliane, fundi wa umeme kule Bendera kwenye mitambo ya maji, na kwamba anangoja lori la kumrudisha. Alikuwa amekunywa kawa yake akiwasikiliza wote.

— Munisamehe, akasema. Miye si mutu wa hapa. Na yeye mwenyewe, huyo binti, mara ya mwisho alipopiga simu alisema nini?

Mama Odile akageuka taratibu kumtazama Pedali, na wengine wakafuata. Lori la sementi likapita kutoka upande wa Kabimba, vumbi likawafunika, likatua. Bado walikuwa wanamtazama.

— Alisema vidole vyake vimekataa, Pedali akasema.

Halafu akayatoa yote. Kikombe, ngumi, Jumapili ile. Alipofika kwenye maneno yake mwenyewe, usimwambie muntu, aliyasema chini chini, akalazimika kuyarudia ndipo yakasikika.

— Wiki tatu amebeba vile peke yake? Mama Odile akasema. Na weye pia?

— Nilifikiri ninamulinda.

Hakuna aliyemlaumu. Ingekuwa afadhali wangemlaumu. Avocat akaomba telefone ya Pedali mwenyewe, akaitia mayuniti, akamrudishia.

— Piga, Papa.

Ikalia mara moja tu.

— Papa? Kuna nini? Muntu amekufa?

— Hapana, mama. Ni foto.

Pedali akasikia huko alipo binti yake mtu anajaribu tarumbeta.

— Umeshika kijiti na mukono wa kushoto, akasema.

— Nilijua weye utaona. Papa, niliwaambia watu wa okestra. Unisamehe. Nilificha wiki mbili, vile ulisema. Nikazidisha mazoezi, vidole vikazidi kujikunja, sasa hata kijiti vinakataa kukishika. Halafu siku moja nikakosa mbele ya wote, pahali pepesi kabisa. Wakaangalia chini, hawakutaka kuniona. Nikafunga piano, nikawaambia.

— Wakakuweka pembeni?

— Waliondoa ule muziki wa piano. Wakaniuliza kama ninaweza kuongoza mwingine, usiokuwa na piano, kwa mukono mumoja. Ninaongoza. Dokta amesema nisiguse piano miezi sita.

— Na baada ya miezi sita?

— Hajui. Na miye sijui. Kila asubuhi nikiamka ninaogopa, Papa. Lakini nilikuwa ninaogopa zaidi kukuambia weye. Sema kitu.

Pedali akajitafutia neno. Akakumbuka jioni zile za kanisani, mtoto analia kwamba vidole vimechoka, naye yuko chini anasukuma pedali na kumwambia: mara moja tena, mama, mara moja tena. Miaka ishirini na tano alikuwa akimwambia hivyo, hata kwa simu, hata alipokwisha kuzishinda nchi za watu. Neno lingine hakuwahi kumpa.

— Pumzika, akasema.

— Nini?

— Ninasema pumzika.

Laini ilikuwa safi. Hata tarumbeta ilisikika kama iko jirani. Lakini sauti ya Emmanuella ilirudi ndogo.

— Sikusikia vizuri, Papa. Rudia.

Akarudia.